Swali Nililolifuta Mwezi wa Shaabani

Jumatatu, 5 Januari 2026. Baleni.

Nimewaficha watu wa nyumba hii kwamba nakufa.

Wao wanajua nina vidonda vya tumbo. Ndivyo nilivyowaambia niliporudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Oktoba, na kwa kuwa daktari wa nyumba ni mimi, hakuna aliyenibishia. Picha niliiona mwenyewe kwenye kioo cha mashine, kabla yule kijana aliyekuwa akinipima hajapata maneno ya kuniambia. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, "Usihangaike, mwanangu, nimeshaona." Ni ini, na limekwenda mbali. Nina miaka themanini na moja. Si jambo la kumshangaza mtu.

Binti yangu Arafa hunipikia uji usiotiwa ndimu kwa ajili ya vidonda nisivyokuwa navyo. Mwanawe Sabra, ambaye amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira, hunisomea maelekezo ya dawa nilizokuwa nikiwaandikia watu kabla mama yake hajazaliwa. Maumivu huja usiku. Nimewaambia dawa mpya zinanilaza kama mtoto mchanga, ili asije mtu kunichungulia mlangoni.

Naandika kwa sababu leo nimepewa kazi, na sikutegemea kupewa tena kazi hapa duniani. Taufiki, kijana wa hapa Baleni anayewatembeza wageni wanaokuja kuona papa wakubwa aina ya potwe, alikuja baada ya alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuuza nini?"

"Leo siuzi, babu. Leo naomba."

Ana mbio zake. Kilometa ishirini na nne, kutoka Baleni mpaka Kilindoni, si kwa barabara bali kwa njia za miguu: minazini, mihogoni, pwani kidogo, kivuko cha mikoko, kisha mjini. Ni Jumamosi ya tarehe saba mwezi ujao. Fulana anazo, medali anazo, spika za muziki anazo. Asichokuwa nacho ni mpango wa afya na usalama, na bila huo hapewi kibali.

"Madaktari si wapo Kilindoni?"

"Wana kazi nyingi, babu. Sasa nikasema, wewe..."

"Mimi sina kazi."

"Sikusema hivyo!"

"Umesema. Leta karatasi."

Sabra alikuwa akichambua mchele barazani. Ameshawaandikisha wasichana kumi na wawili, na baba zao wamekubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe awe nao njiani. Aliposikia nimekubali aliacha ungo akanibusu mkono. Nikafikiri: huyu nitamwona akikimbia kabla sijaondoka.

Ijumaa, 9 Januari

Joto. Upepo hakuna.

Kila anayesikia habari za mbio ananiuliza juu ya nyoka. Nyoka nimemwandikia mstari mmoja. Kitakachomwangusha mtu hapa mwezi wa pili ni joto. Mtu anakimbia, damu inachemka, jasho linamkauka, anaanza kuongea ovyo, na wenzake wanadhani anatania.

Jumatano, 14 Januari

Aliletwa muuguzi wa kunisaidia. Furaha, binti wa Kilindoni, yuko zahanati kwa mkataba. Anaongea haraka, anatafuna ubani mbele ya wazee, na kila sentensi yangu anaitilia swali. Sikumpenda.

Tulipita njia nzima juu ya ramani. Shida ni mahali pa kumwelekeza mwenye pikipiki mtu akianguka, maana katikati ya minazi kila mahali ni minazini. Furaha akataka namba kwenye nguzo. Nikamwambia nguzo zitang'olewa zikawe kuni. Tukakubaliana kutumia wenye mashamba: kwa Iddi, kwa Mwanasiti, kwa Biubwa. Mwenye bodaboda yeyote wa kisiwa hiki ukimwambia "kwa Biubwa" anafika akiwa amefumba macho.

Jumamosi, 17 Januari

Biubwa mwenyewe amekuja, ameshasikia.

"Ati jina langu mmeliweka kwenye ramani?"

"Tumeliweka."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kwa herufi kubwa."

"Basi wakwezi wangu siku hiyo hawatapanda. Nazi ikimwangukia mtu wa mbio itasemwa imeanguka kwa Biubwa, na mimi nimeshaandikwa."

Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza kwa hilo. Akanimalizia kazi.

Adhuhuri akaja Qusai kwa gari lake. Baba yake alikuwa na duka Kilindoni, naye analo hilo hilo, na nyuma ana mafriza ya barafu ya wavuvi. Nikamweleza ninachotaka: barafu nyingi, maji, na turubai. Mtu aliyeshikwa na joto analazwa ndani ya turubai, wanne wanainua pembe, anamwagiwa maji ya barafu mpaka joto la mwili lishuke. Apozwe kwanza palepale alipoanguka, ndipo asafirishwe. Mwendo wa gari bila kupozwa unaua.

Qusai alisikiliza mpaka mwisho. "Daktari, sasa huyu mkimbiaji unamtibu au unamtayarisha kwa soko la samaki la Feri?"

Nilicheka mpaka ubavu wa kulia ukanichoma, nikajifanya nakohoa.

"Barafu utapata," akasema. "Wapi iwekwe?"

"Kwa Biubwa. Kituo cha mwisho. Joto humshika mtu anapokaribia kufika."

Jumanne, 20 Januari

Shaabani imeandama. Wakati wa chakula cha mchana Arafa aliliambia sufuria la wali: "Haya, mwezi ndio huu. Wenye siku zao wazilipe mapema, wasije wakakimbizana na Ramadhani." Hakumtaja mtu. Mwanamke hukosa siku za Ramadhani kwa sababu zake, huzilipa kwa wakati wake, na mwanamume wa nyumba hutazama sahani yake. Nikatazama sahani yangu. Sabra naye akatazama yake.

Ijumaa, 23 Januari

Joto. Sikutoka.

Jumapili, 25 Januari

Leo tumegombana, mimi na Furaha, ingawa kwa adabu.

Tulikuwa tukitengeneza maswali ya kuwauliza wakimbiaji asubuhi ya mbio kabla ya kuanza. Umekuwa na homa wiki hii? Unatumia dawa gani? Umewahi kuzirai? Jana usiku ulikula? Furaha akaongeza la tano: "Umefunga leo?"

"Hilo haliulizwi," nikasema.

"Babu, ni Shaabani. Wanawake wanalipa."

"Ndiyo maana haliulizwi. Msichana akisema 'ndiyo' katika Shaabani, amekwisha kutangaza habari za mwezi wake mbele ya meza ya watu. Baba zao wamewatoa kwa shida hawa."

"Nitawauliza mimi. Mmoja mmoja. Nitaweka kanga pembeni, hakuna mwanamume atakayesikia."

"Atakayeingia kwenye kanga akatoka bila namba ya mbio, watu hawatajua kwa nini?"

Akatafuna ubani wake. "Na asipoulizwa, babu, akakimbia hivyo hivyo?"

"Nani atakayekimbia kilometa ishirini na nne na saumu? Watu wana akili zao. Siku zipo nyingi."

"Wengine siku zimewabana."

"Binti yangu, nimetibu kisiwa hiki miaka arobaini. Heshima ya mtu nayo ni afya yake."

Nilichukua kalamu nikalifuta. Yeye aliangalia ule mstari nilioupiga, akasema, "Sawa, babu," kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Tulikuwa wawili tu barazani.

Nakiri kwamba sentensi ile ya heshima niliipenda nilipoisema. Niliirudia moyoni jioni.

Kwa upande mwingine nimeweka kwenye mpango kwamba kila kituo kiwe na kanga nne na wanawake wanne wa kuzishika, kwa kuwa kipimajoto cha kweli hakiwekwi kwapani na msichana lazima asitiriwe. Furaha alilisifu sana hilo. Nikaona ameshasahau.

Jumatano, 28 Januari

Taufiki ameleta kibali. Alicheza ngoma uani peke yake, bila ngoma.

Jumapili, 1 Februari

Usiku mbaya. Asubuhi nilisema nimelala vizuri.

Jumanne, 3 Februari

Nisfu Shaabani. Watu wamesoma msikitini, mimi nimesoma nyumbani nikiwa nimeegemea mito. Mafundi wamepaka chokaa minazi ya njiani ili wakimbiaji wasipotee. Maji makubwa ya mwezi mpevu yatakuwa yamepungua ifikapo Jumamosi, kivuko cha mikoko hakitajaa. Tulipanga hivyo na tumepata.

Alhamisi, 5 Februari

Nilikuwa macho. Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia mtu jikoni, sufuria limewekwa polepole sana, kisha kijiko. Ni Sabra, hatua zake nazijua. Wanaojiandaa na mbio hula mapema, nadhani.

Mchana alisema ameshakula kwa rafiki yake. Jioni alikuwa na njaa nzuri.

Nilitaka kumuuliza, lakini ningeuliza nini? "Nilikusikia usiku." Na yeye angesema, "Babu, si unalala kama mtoto mchanga?" Mama yake naye angetoka jikoni na mwiko mkononi. Hapo lingefuata gari, na boti, na Dar es Salaam, na kitanda cha hospitali, na mbio zisingekuwepo kwa Sabra wala kwa wale wasichana kumi na wawili. Nikanyamaza.

Ijumaa, 6 Februari

Jikoni tena kabla ya adhana. Joto. Kesho.

Jumamosi, 7 Februari

Naandika nikiwa nimelala. Arafa yuko hospitali na mwanawe. Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Alfajiri Sabra alitoka chumbani amevaa suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu, kichwa amekifunga vizuri. Chai niliyowekewa mimi nilimsogezea. Akasema, "Baadaye, babu, tumbo lina wasiwasi." Hakuigusa. Nikamwambia kila kituo anywe, asisubiri kiu. Akasema, "Inshallah."

Kwenye meza ya kuanzia Furaha aliwauliza wote maswali manne. Nilikuwa karibu. Sabra alijibu vizuri: hana homa, hatumii dawa, hajawahi kuzirai, jana usiku alikula. Yote kweli.

Wakaanza watu tisini na kitu, wageni kumi kati yao. Qusai akanipakia garini mpaka Kilindoni, uwanjani kwenye mwisho wa mbio, akaniweka kwenye kiti cha plastiki ndani ya hema na simu mbili mapajani. Arafa alikuwa amefika kabla yetu, amekaa na wanawake wa Baleni, wana vigelegele tayari vinywani.

Saa tatu jua lilikuwa limeshakuwa kali kama la saa sita. Wa kwanza akaingia, mvulana wa Kirongwe. Wa pili mgeni. Vituo vilikuwa vikinipigia: kwa Iddi salama, mmoja kaumia mguu. Kwa Mwanasiti salama. Nilikuwa na furaha, lazima niandike hivyo. Kila kitu nilichokiweka kwenye karatasi kilikuwa kikitembea ardhini.

Kisha Taufiki akapiga.

"Babu, kuna mtu kaanguka. Mihogoni, mbele kidogo ya kwa Biubwa."

"Nani?"

"Furaha yuko naye, babu, wamembeba kwenye turubai, wame..."

"Nani, Taufiki?"

"Sabra."

Nilimuuliza kama anaongea. Akasema anaongea, lakini anawaita wanafunzi kwa majina, anawaambia wakae chini, na alipoinuliwa alimpiga Furaha kofi. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nikamwambia, "Asiletwe. Apozwe hapo hapo."

Arafa alikuwa ameshasimama mbele yangu. Sijui alijuaje. "Mwanangu aletwe hospitali! Baba, gari la Qusai lipo hapa, mwambie aende!"

"Akianza safari sasa atafika ameiva, Arafa. Barafu iko kule."

"Mwanangu yuko kichakani na wewe unazungumza barafu!"

"Kaa chini."

"Sikai!"

Hakukaa. Alisimama pale juani akinitazama, na mimi nikiwa nimeshika simu sikioni, nikisikia maji yakimwagwa na sauti ya Furaha ikihesabu: moja, mbili, inua; moja, mbili, inua. Nilisikia sauti ya Biubwa ikiwafukuza wanaume, "Geukeni huko, hamna dada nyie?" na najua wakati huo kanga zilikuwa zimenyanyuliwa. Furaha akaja kwenye simu. Akasema arobaini na moja na nusu. Akarudi. Muda ukapita ambao sitaki kuukumbuka. Akaja tena: arobaini. Akaja tena: thelathini na tisa, na Sabra ametetemeka, amefungua macho.

"Sasa mlete," nikasema.

Na kabla hajakata simu nilimsikia Sabra, kwa sauti ndogo, iliyo timamu kabisa, akiuliza: "Nimefungua?"

Furaha akamwambia, "Mdomoni hujatia kitu, dada. Lakini sasa utakunywa." Sabra akaanza kulia.

Hospitali wakamlaza, dripu mkononi. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai kavu, ila unatoka. Atapona, inshallah. Msichana mmoja wa kundi lake alitueleza tuliokuwa pale: Sabra kila kituo alipokea kikombe, akakipeleka mdomoni, akakiinamisha, na mbele kidogo akamwaga. Maji ya kichwani alijimwagia mengi. Ya kunywa hata tone. Hata Furaha kwa Biubwa alimwona na kikombe mdomoni, akamwandika kuwa amekunywa.

Arafa alimgeukia Furaha pale pale mlangoni mwa wodi. "Wewe ni mwanamke mwenzangu. Mwezi huu wa Shaabani, hukumuuliza mtoto kama amefunga?"

Furaha alinitazama mimi. Akatazama chini.

"Sikuuliza, mama."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshika fimbo yangu kwa mikono miwili. Sikusema kitu.

Jumapili, 8 Februari

Sabra amekula ndizi mbili. Mkojo unaanza kusafika.

Jumanne, 10 Februari

Amerudi nyumbani. Amekatazwa kufunga mpaka apimwe tena. Alipika chai, akaniletea, akakaa chini karibu na kitanda.

"Babu, umenikasirikia?"

"Hapana."

"Nilidhani nitaweza. Zilibaki siku nyingi, na nilikuwa nimezisogeza mbele kwa sababu ya mazoezi. Na nisingekimbia, wale wasichana wasingekimbia. Baba zao walisema mpaka niwepo." Akatafuta maneno. "Ingekuwa mtu kaniuliza, nisingesema uongo. Nilikuwa naogopa kuulizwa, na nilikuwa nataka kuulizwa."

Nikamwambia anywe chai yake kabla haijapoa.

Nilikuwa nikimwona kama mtoto. Aliongoza wasichana kumi na wawili kwenye jua lile, na wote walifika salama. Kumi na wawili hao walikunywa kwa sababu yeye aliwaambia wanywe.

Alhamisi, 12 Februari

Joto kama jana.

Taufiki kaja na taarifa ya kamati. Alinisomea kwa haraka, macho hakuyainua. Mpango wa afya ulikuwa mzuri. Barafu iliokoa maisha. Wilaya inaweza kuruhusu mbio za mwakani. "Tukio la mkimbiaji mmoja lilitokana na muuguzi mkuu wa mbio kutouliza kuhusu saumu katika mwezi unaojulikana." Nakala inakwenda kwa wanaomwajiri.

"Weka saini hapa tu, babu. Mshauri wa afya."

"Furaha amesema nini?"

"Amekubali. Alisimama kwenye kikao akasema, 'Sikuuliza,' akakaa. Hakujitetea hata kidogo. Watu wakasema, basi, kakubali mwenyewe."

"Iache hapo mezani."

"Babu, wanaisubiri."

"Waisubiri. Jumatatu njooni hapa wote, mimi kutembea siwezi."

Taufiki huyu nilimdhania mtu wa kelele tu. Lakini alipofika mlangoni alirudi. "Babu, hii sentensi mimi sikuiandika. Nilisema haijakaa vizuri. Nikaambiwa lazima kuwe na sababu."

Jumamosi, 14 Februari

Furaha alikuja kumpima Sabra presha. Alipomaliza akaja kwangu, akavuta kiti, akanitazama machoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Macho yako yana manjano, babu."

"Ni vidonda."

"Vidonda vya tumbo havitii macho manjano. Unanijaribu au unanidharau?"

Akashusha sauti. "Wanajua hapa nyumbani?"

"Hawajui."

"Sitasema mimi. Lakini una dawa ya kutosha ya maumivu? Hilo ndilo nataka kujua." Alizitazama, akatikisa kichwa, akasema ataniletea za nguvu zaidi kupitia daktari wa wilaya.

"Furaha," nikasema, "kwa nini hukuwaambia swali nililifuta mimi?"

"Wewe ni mzee wangu. Nitasimama mbele ya watu niseme Daktari Muhidini ndiye? Mama yangu ulimzalisha wewe."

"Na kazi yako?"

"Mkataba unaisha mwezi huu." Akasimama, akakisogeza kiti sawasawa na ukuta. "Wakiandika hivyo, hawataniongeza. Nitatafuta mahali pengine, babu. Dunia kubwa."

Hii si sauti ya mtu anayelalamika. Ni hiyo hiyo aliyoniambia nayo, "Sawa, babu," nilipoishika kalamu. Kumbe hakuwa amesahau kitu. Alikuwa amenistahi, na mimi nilichukua staha yake nikaitumia kama mto wa kulalia.

Jumapili, 15 Februari

Sijaandika kitu. Nilifikiri tu.

Jumatatu, 16 Februari

Walikuja baada ya adhuhuri. Taufiki na watu watatu wa kamati, Qusai kwa kuwa barafu ilikuwa yake, na Biubwa, ambaye hakuitwa. Furaha alikaa mkekani karibu na mlango, mahali mtu anapokaa akitaka kuondoka wa kwanza. Arafa alikuwa nyuma ya pazia. Sabra alipita na vikombe.

Mwenyekiti alianza kunishukuru. Nikamwomba anisamehe, pumzi yangu ni chache na nina mambo matatu.

La kwanza nilisema haraka. Kwamba Furaha alilileta swali la saumu tarehe ishirini na tano ya Januari, hapa barazani, na akatoa njia ya kuliuliza kwa stara, na mimi nikalifuta kwa kalamu yangu. Kwamba sentensi ile ya taarifa ibadilishwe iandikwe jina langu, na bila hivyo siweki saini.

Biubwa ndiye aliyesema wa kwanza. "Nililijua mimi. Mtoto huyu hawezi kusahau kitu, hata bei ya nazi zangu za mwaka juzi anaikumbuka."

"Daktari," mwenyekiti akasema, "hilo ni kosa la busara tu. Ulitaka kuwasitiri watoto. Hatuwezi kuandika..."

"Andika."

Furaha alikuwa amefunika uso kwa ncha ya mtandio. Nilidhani analia. Alipoutoa nikaona amekasirika. "Babu, hukupaswa," akasema. "Nilishamaliza hilo."

"Wewe umemaliza. Mimi bado."

La pili lilikuwa gumu zaidi. Niliita, "Arafa, mama, njoo hapa mbele." Akatoka nyuma ya pazia na mwiko mkononi, kama nilivyojua atakavyotoka. Nikamwambia sina vidonda vya tumbo. Nikamwambia nina nini, na tangu lini, na kwamba usiku silali, sijalala tangu Oktoba. Mwiko ulimshuka. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya sakafu, akashika unyayo wangu. Qusai akatoka nje. Nilimsikia akijipenga.

"Kwa nini, baba?" Arafa akasema. "Sisi ni watu gani kwako?"

Nilisema nitamjibu, anipe nafasi, kwa sababu la tatu limo humo humo.

Sabra alikuwa amesimama na sinia. Nilimtazama yeye. Wote waliniona namtazama yeye. Kwenye kurasa hizi niliandika kwamba wanaojiandaa na mbio hula mapema, na kwamba chai haikunyweka kwa wasiwasi. Niliyaandika hayo nikiwa peke yangu, hakuna wa kumdanganya humu ila mimi mwenyewe, na nikajaribu.

"Mjukuu wangu," nikasema, "siku zile mbili kabla ya mbio nilikuwa macho kwa maumivu, na nilikusikia ukila daku. Asubuhi ya mbio nilikusogezea chai ili nihakikishe, na hukuigusa. Ningesema, ungeniuliza kwa nini sikulala. Nilijua umefunga, Sabra. Nilijua, na nikakuacha ukimbie."